Batli Ndani ya Diski: Historia ya Kumbukumbu za Hitilafu na Hatima ya Sauti za Koyama

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kumbukumbu za hitilafu ambazo diski ngumu ya kompyuta hujiandikia yenyewe, pamoja na namna kumbukumbu hizo zinavyotumika kutambua kasoro ya diski kabla haijafa. Suala hilo linatazamwa kupitia Kibajuni cha Koyama, lahaja ambayo wasemaji wake walitawanywa na vita kuanzia mwaka 1991, na ambayo sehemu ya ushahidi wake sasa imo katika faili za sauti. Hoja kuu ni kwamba kulisoma daftari hilo la ndani ni sehemu ya kazi ya mtafiti wa lugha, wala si ya fundi peke yake. Aidha, makala yanapendekeza kwamba daftari hilo liitwe kwa neno la kale la mabaharia wa Kiswahili, yaani batli.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ni ya dukani, lakini inawahusu pia watafiti wa lugha. Kwa zaidi ya miongo miwili, mali yao kubwa imekuwa ikihamishwa kutoka kwenye kanda za sumaku na karatasi kwenda kwenye diski za kompyuta. Mtafiti hujua ni nani aliyerekodiwa, wapi na lini. Mara nyingi hajui hali ya chombo kinachobeba rekodi hiyo. Diski inapokataa kufunguka, husemwa tu kwamba "imeharibika", kana kwamba uharibifu umetokea ghafla. Katika hali nyingi haukutokea ghafla. Diski ilikuwa imekwisha kuandika dalili zake, na hakukuwa na msomaji.

Dalili hizo huandikwa katika daftari ambalo halionekani miongoni mwa faili za kawaida. Kiingereza huliita kwa neno lenye asili ya baharini: gogo la mti lililofungwa kamba yenye mafundo na kutupwa majini ili kupima mwendo wa meli. Vipimo hivyo viliandikwa kitabuni, kitabu kikachukua jina la gogo, na baadaye jina hilo likahamia kwenye kompyuta. Kiswahili nacho kina neno lake katika uwanja uleule. Kamusi za Kiswahili huorodhesha batli kuwa daftari la kuandikia habari za safari ya chombo. Neno kumbukumbu, linalotumika zaidi katika maandishi ya kompyuta, limebebeshwa maana nyingi: mambo yaliyohifadhiwa akilini, nyaraka za mkutano, na sehemu ya kompyuta inayohifadhi data. Batli haina utata huo. Vilevile, makala haya yanatumia hitilafu badala ya kosa, kwa kuwa kosa humtafuta mkosaji, ilhali batli hueleza tu kilichotokea, lini na mahali gani.

2.0 Koyama na safari ya sauti zake

Koyama ni kisiwa kimojawapo katika mlolongo wa visiwa vya Bajuni unaoanzia karibu na Kismayu na kushuka kusini kuelekea mpaka wa Kenya. Miongoni mwa vijiji vyake ni Koyama chenyewe na Gedeni. Wakazi wake wamekuwa wavuvi na mabaharia, na lugha yao ni Kibajuni, lahaja ya kaskazini ya Kiswahili inayojulikana pia kwa jina la Kitikuu. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland, na tangu hapo Wabajuni wakawa watu wa lahaja moja chini ya tawala mbili.

Wataalamu waliifikia pwani hiyo kwa vipindi. Vittorio Grottanelli alichapisha mwaka 1955 kitabu kikubwa cha Kiitaliano kuhusu wavuvi hao. Neville Chittick alizuru pwani ya kusini mwa Somalia mwaka 1968 na kueleza magofu yake katika makala ya 1969. Kwa upande wa lugha, Derek Nurse aliandika mwaka 1982 kuhusu lahaja za Kiswahili za Somalia na za pwani ya kaskazini ya Kenya. Mwaka 1993, akiwa pamoja na Thomas Hinnebusch, aliiweka Kibajuni mahali pake katika historia ya lugha za Kisabaki. Baadaye Nurse, kupitia Chuo Kikuu cha Memorial cha Newfoundland, Kanada, aliweka mtandaoni maelezo ya historia, sarufi na msamiati wa Kibajuni.

Kuporomoka kwa serikali ya Somalia mwaka 1991 kulibadili mahali pa kufanyia utafiti. Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, hasa Mombasa, na baadhi yao wakafika Ulaya. Msemaji aliyezaliwa Koyama sasa anaweza kupatikana kwa urahisi zaidi ng'ambo kuliko kisiwani. Nchini Uingereza, lugha ya Wabajuni walioomba hifadhi imekuwa ikichambuliwa ili kupima ukweli wa asili waliyoitaja. Katika mazingira hayo, rekodi ya mzee wa Koyama imevuka mipaka ya kitaaluma. Inaweza kuwa miongoni mwa vielelezo vichache vya kulinganishia usemi wa mtu ambaye maisha yake yanategemea ulinganishi huo.

Magofu aliyoyaona Chittick ni ya mawe. Yanaweza kupuuzwa miaka hamsini na bado yakasomeka. Faili ya sauti haina uvumilivu huo. Saa moja ya sauti ya njia mbili, iliyorekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, huchukua baiti 288,000 kila sekunde, yaani zaidi kidogo ya gigabaiti moja kwa saa. Diski ya terabaiti moja, isiyozidi kiganja kwa ukubwa, huweza kubeba zaidi ya saa 900. Mkusanyo mzima wa lahaja ya kisiwa unaweza kuingia ndani ya diski moja, na pia kupotea pamoja na diski hiyo moja.

Upotevu mdogo nao una uzito wake. Diski hugawa nafasi yake katika vipande viitwavyo sekta. Diski za zamani zilikuwa na sekta za baiti 512, na nyingi za sasa hutumia baiti 4,096. Kwa kiwango cha kurekodi kilichotajwa, sekta moja ya baiti 4,096 hubeba takriban milisekunde 14 za sauti. Kiasi hicho kinaonekana kidogo hadi kinapowekwa mbele ya fonolojia ya Kibajuni. Pale Kiswahili Sanifu kinaposema mtu na tatu, Kibajuni husema mchu na chachu; pale Sanifu kinaposema nchi, Kibajuni husema nti, kwa t ya menoni. Tofauti ya akustika kati ya kipasuo na kipasuo-kwamizwa hukaa katika makumi machache ya milisekunde baada ya mpasuko. Sekta moja iliyokufa ikiangukia hapo, inaweza kuondoa sehemu ya ushahidi uliomtenga msemaji wa Koyama na msemaji wa Mombasa. Mara nyingi zaidi hali huwa mbaya kuliko hivyo, kwa sababu programu ya kunakili husimama inapofika kwenye sekta isiyosomeka, na faili nzima ikaonekana imepotea.

3.0 Diski inaanza kujiandikia

Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilitolewa na IBM mwaka 1956 pamoja na kompyuta ya RAMAC. Ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, na uwezo wa herufi milioni tano. Katika enzi hiyo, hitilafu za diski zilikuwa jambo la mafundi waliokaa karibu na mtambo. Kompyuta kubwa ndiyo iliyohesabu makosa ya kusoma na kuandika. Diski yenyewe haikuwa na akili ya kujisimamia.

Mabadiliko yalikuja pale kidhibiti cha diski kilipohamia ndani ya diski yenyewe. Kuanzia hapo diski iliweza kurekebisha makosa madogo bila kuiarifu kompyuta: kusoma tena sekta iliyosumbua, kusahihisha biti zilizogeuka, au kuhamishia data kwenye sekta ya akiba. Urahisi huo ulileta tatizo jipya. Mtumiaji aliona diski nzima, kumbe ndani yake matengenezo yalikuwa yakifanyika kila siku. Ikawa lazima diski iwe na njia ya kueleza ilichokuwa ikikificha.

Mwaka 1992 IBM ilianza kutoa, kwa kompyuta zake za AS/400, diski zenye uwezo wa kupima vigezo vyake na kutoa onyo. Muda mfupi baadaye Compaq, ikishirikiana na watengenezaji Seagate, Quantum na Conner, ilibuni mfumo uliohifadhi vipimo hivyo ndani ya diski na kuiruhusu kompyuta ivisome. Mwaka 1995 Compaq iliuwasilisha mfumo huo ili uwe kiwango cha pamoja, na matokeo yake yakajulikana kwa kifupisho SMART. Mfumo uliingizwa katika kiwango cha ATA-3, kilichopitishwa mwaka 1997. Matoleo yaliyofuata ya kiwango hicho yaliongeza mambo mawili muhimu kwa makala haya: batli ya hitilafu na majaribio ambayo diski hujifanyia.

Kuwapo kwa batli hakukumaanisha kwamba kila mtu angeweza kuisoma. Programu za kuisomea zilitolewa zaidi na watengenezaji, kila mmoja kwa diski zake. Mwaka 2002 Bruce Allen, mwanafizikia wa mawimbi ya mvutano katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Milwaukee, alianzisha programu huria ya smartmontools, akijenga juu ya kazi ya awali ya Michael Cornwell. Programu hiyo husoma batli za diski za watengenezaji mbalimbali na kuzionyesha kwa maandishi. Inafaa kuzingatiwa kwamba msukumo huo ulitoka kwa mtafiti aliyekuwa na data ya kulinda. Elimu ya kusoma batli ilihamia mikononi mwa watafiti kwa sababu wao ndio waliokuwa na cha kupoteza.

4.0 Kuisoma batli

Daftari la ndani la diski lina sehemu tatu zinazopaswa kusomwa pamoja.

Ya kwanza ni vihesabu. Diski huhesabu saa zote ilizowahi kuwashwa, sekta zilizohamishiwa kwenye akiba, sekta zinazosubiri kuamuliwa kwa sababu zimeshindwa kusomeka, na makosa ya mawasiliano kati yake na kompyuta. Vihesabu hueleza kiasi, havielezi tukio.

Ya pili ni batli ya hitilafu yenyewe. Muhtasari wake huhifadhi hitilafu tano za mwisho, na mpya huifuta ya kale zaidi. Baadhi ya diski zina batli ndefu zaidi. Kila ingizo hueleza namba ya hitilafu tangu diski ilipoanza kazi, saa ya maisha ya diski ilipotokea, amri zilizotangulia, aina ya hitilafu, na anwani ya sekta iliyohusika. Muundo huu hautofautiani sana na ule wa nahodha anayeandika saa, mahali, alichokuwa akifanya na kilichomfika.

Ya tatu ni batli ya majaribio, inayohifadhi matokeo 21 ya mwisho. Jaribio fupi huchukua dakika chache. Jaribio refu hupitia uso wote wa diski na huweza kuchukua saa nyingi.

Utambuzi wa kasoro hutokana na kulinganisha sehemu hizi. Hitilafu ya data isiyosahihishika, yenye anwani ileile ikijirudia na kihesabu cha sekta zinazosubiri kikiwa juu ya sifuri, huelekeza kwenye uso wa sahani. Makosa ya mawasiliano yanayoongezeka huku sekta zote zikiwa salama huelekeza kwenye kebo au kiunganishi. Hapo dawa ni kubadili waya, na diski haina haja ya kutupwa. Amri iliyokataliwa mara nyingi haina madhara, kwa maana programu iliomba kitu ambacho diski hiyo haikifahamu. Hitilafu zilizosambaa katika anwani nyingi ndani ya saa chache zinatisha kuliko hitilafu moja ya zamani, kwani huashiria kichwa cha kusomea au mfumo mzima kudhoofika.

Saa za batli si saa za ukutani. Chukuliwa mfano wa kubuni wa diski iliyokwisha kuwashwa kwa saa 4,180, yenye hitilafu iliyoandikwa katika saa 4,100. Ikiwa diski hiyo hutumika saa nane kwa siku, tukio hilo lilitokea siku kumi za kazi zilizopita. Mtafiti mwenye shajara ya uwandani anaweza kuuliza kilichotukia siku hiyo: je, diski ilianguka, umeme ulikatika, au ilisafirishwa kwa mashua ikiwa imewashwa? Kwa namna hii batli ya diski na shajara ya mtafiti hufasiriana.

Baada ya utambuzi, mpangilio wa hatua ni muhimu. Kwanza hunakiliwa batli, kisha data, na majaribio marefu hufanywa mwisho, kwa kuwa diski inayokufa haipaswi kuchoshwa kabla data haijaokolewa. Programu ya ddrescue hufuata busara hiyo: huchukua kwanza sehemu zinazosomeka, huacha zile ngumu hadi mwisho, na huandika daftari lake la mahali ilipofika ili kazi iendelee bila kurudiwa.

5.0 Mipaka ya batli

Ushahidi mpana kuhusu thamani ya batli ulitolewa mwaka 2007, pale Pinheiro, Weber na Barroso wa Google walipochapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba diski ikishapata hitilafu ya kwanza ya uchunguzi wa uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na hitilafu hiyo. Hata hivyo, asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha chochote katika vihesabu vinne vilivyodhaniwa kuwa na nguvu zaidi. Matokeo hayo mawili lazima yasomwe pamoja: batli inayolia isikilizwe mara moja, batli iliyonyamaza isiaminiwe.

Kunyamaza huko kuna sababu inayowagusa moja kwa moja watunzaji wa rekodi za lugha. Batli ya hitilafu huandikwa pale diski inapoagizwa kufanya kazi ikashindwa. Sekta ambayo hakuna aliyeomba isomwe haina nafasi ya kushindwa, na hivyo haiandikwi katika batli hiyo. Diski iliyofungiwa kabatini miaka mitano ikiwa na hadithi, majina ya samaki na nyimbo za harusi za Koyama inaweza kuwa na batli safi kabisa, si kwa sababu ni nzima, bali kwa sababu haikuulizwa. Usafi wake ni rekodi ya kutosikilizwa. Ndiyo maana jaribio refu la mara kwa mara ni la lazima kwa mikusanyo isiyotumika sana. Ndiyo maana pia mkusanyo unaosikilizwa, unaonukuliwa na kufundishiwa huwa salama zaidi kuliko uliofichwa.

Mpaka wa pili ni kwamba batli imo ndani ya chombo inachokieleza. Chombo kikizama, nayo huzama. Hivyo matokeo yake yapaswa kuandikwa katika daftari la nje, pamoja na namba ya diski, tarehe na orodha ya rekodi zilizomo. Mpaka wa tatu ni wa vifaa: baadhi ya makasha ya diski za nje hayaruhusu batli kusomwa moja kwa moja, na kadi nyingi za kawaida za vinasa sauti hazina batli ya namna hii inayosomeka na mtumiaji. Mpaka wa nne ni kwamba batli haijui maana ya faili. Baiti zilizobadilishwa na programu mbovu, kisha zikaandikwa vizuri, ni halali machoni pa diski. Kasoro hiyo hugunduliwa kwa kulinganisha faili na namba ya uhakiki iliyokokotolewa siku rekodi ilipoingizwa.

Kwa sababu hizo, batli haichukui nafasi ya nakala za akiba. Miongozo ya Chama cha Kimataifa cha Hifadhi za Sauti na Picha, IASA, husisitiza nakala zaidi ya moja, na nakala hizo zikae mahali tofauti. Kazi ya batli ni kuonyesha ni nakala ipi inayodhoofika, ili ibadilishwe wakati nyingine zingali nzima.

6.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa ni ya chombo kilichofundishwa kutengeneza kasoro zake kimyakimya, kisha ikabidi kifundishwe kuzieleza. Kati ya mwaka 1992 na 2002, uwezo wa kuyasikia maelezo hayo ulitoka kwa watengenezaji wachache ukafika kwa yeyote mwenye kompyuta. Kwa taasisi za Kiswahili, kilichobaki ni mazoea, na mazoea hayo hayahitaji gharama kubwa: kusoma batli ya kila diski mara moja kwa mwezi, kufanya jaribio refu walau mara mbili kwa mwaka, kuandika matokeo katika daftari la nje, na kuiondoa kazini diski yenye hitilafu mpya za uso.

Mafunzo ya watafiti wa lahaja hufundisha namna ya kumwomba mzungumzaji ridhaa, kuweka kinasa sauti na kunukuu matamshi. Inafaa yaongezwe somo la kusoma batli, na lifundishwe kwa Kiswahili, kwa istilahi ambazo mhitimu anaweza kuzitumia mbele ya wenye rekodi. Mzee wa Kibajuni aliyekubali kurekodiwa Mombasa hakukabidhi sauti yake kwa diski. Alimkabidhi mtu, na mtu huyo anapaswa kuweza kumjibu, wakati wowote akiulizwa, kwamba sauti hiyo ipo, ipo katika nakala ngapi, na ilikaguliwa lini kwa mara ya mwisho.